Walidhani Elieth Anasikia

Pale Hombolo watu walianza kumwogopa Elieth Ndahani baada ya msiba wa baba yake mdogo. Kabla ya hapo alikuwa binti wa Evelina tu, yule aliyesomea mambo ya simu, anayeishi Dodoma mjini na kurudi nyumbani mwishoni mwa juma na mikate na sabuni. Siku ya msiba, wanaume wakiwa wamekaa kwenye viti vya kukodi wakisubiri jeneza, mzee Ebenezer alimuuliza mbele za watu, "Mwanangu, hivi wewe hasa unafanya kazi gani?"

Elieth akajitahidi kueleza. Alisema sheria inazitaka kampuni za simu na za intaneti ziwe tayari pale mahakama inapoamuru mawasiliano ya mtu fulani yafuatiliwe, labda mtekaji, labda tapeli. Kampuni kubwa zina watu wao wa kazi hiyo. Zile ndogo, zinazouza intaneti kwa nyumba za wageni na shule, hazijui pa kuanzia. Yeye na wenzake huenda kuzisaidia. Wanafunga mitambo, wanawafundisha wahusika kusoma amri ya mahakama vizuri, kutoa kile tu kilichoamriwa, na baada ya hapo kufunga midomo.

Wazee walisikiliza kwa makini. Alipomaliza, Ebenezer alitikisa kichwa kukubali, akawageukia wenzake.

"Anasikiliza simu," akasema.

Ikawa hivyo. Ndani ya mwezi mmoja Hombolo nzima ilijua kwamba binti wa Evelina anasikiliza simu za watu. Kwaya ya kanisani, ambayo alikuwa akiichangia sare kila mwaka, ilifungua kundi jipya la WhatsApp asilokuwemo. Akienda kwa binamu zake, simu zilitolewa sebuleni na kupelekwa jikoni. Mama mmoja alimvuta pembeni akamwomba amwambie mumewe aliyeko Mererani anaongea na nani usiku. Kijana mmoja wa mnadani alimwomba, kwa heshima zote, amfutie maneno fulani aliyomtukana nayo shemeji yake kwa hasira.

Mwanzoni Elieth alicheka. Baadaye akawa anaeleza upya, mmoja mmoja. Mwishowe akachoka, akabaki na jibu fupi: "Kazi yangu siruhusiwi kuizungumzia." Ilikuwa kweli kwa upande wa mambo ya wateja, maana alikuwa amekula kiapo. Lakini kwa waliomuuliza, jibu hilo lilitosha kuwathibitishia kila walichodhani.

Mtu pekee aliyefurahi alikuwa mama yake.

Evelina alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei, mwenye shamba la zabibu karibu na nyumba, na Kiswahili chake kilikuwa na Kigogo ndani yake. Watoto wake wengine walikuwa mbali, mmoja Mbeya na mwingine Mwanza. Elieth, wa mwisho, ndiye aliyekuwa karibu, naye kazi ilimpeleka Singida leo na Manyoni kesho. Evelina hakupenda kumpigia. Aliogopa kumsumbua ofisini. Kwa hiyo habari kwamba mwanawe husikia simu zote ilimwondolea mzigo. Akawa anampigia jirani yake Mwantum, wanaongea habari za mbuzi na mvua, kisha katikati ya maongezi anapaza sauti kidogo: "Eli, kama unasikia, ile dawa ya kuchua goti imeisha."

Na Jumamosi dawa ilikuja.

Ilikuja kwa sababu Mwantum, mara tu baada ya kukata simu, alimwandikia Elieth ujumbe: *Mama anataka dawa ya kuchua.* Mwantum alikuwa mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa maharage, mwenye moyo mwepesi. Alimpenda bibi huyo na hakuona ubaya wowote kumsaidia. Ilimchekesha, na ilifanya kazi vizuri. Elieth mwenyewe alijaribu kumweleza mama yake.

"Mama, mimi sisikii. Mwantum ndiye ananiandikia."

"Sawa mwanangu," Evelina alijibu, akimpapasa mkono. "Najua hamruhusiwi kusema."

Elieth akaiacha ilivyo. Alikuwa na mabinti wawili wa shule, gari bovu, na safari zisizokwisha. Tena, kusema kweli, ilimpendeza kuona kwamba yupo mtu mmoja Hombolo ambaye habari hizo zinamfariji.

Mwaka huo, katikati ya kiangazi, aliitwa Kongwa. Kulikuwa na kampuni ndogo ya intaneti pale mjini, mali ya mwalimu mstaafu aitwaye Methusela, aliyekuwa amefunga minara miwili na kuuza huduma kwa shule, zahanati na nyumba za wageni. Methusela alikuwa ameletewa amri ya mahakama kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mtu fulani, akitumia intaneti ya nyumba moja ya wageni, alikuwa akiwatapeli wazazi kwa kujifanya mhasibu wa shule. Wapelelezi walitaka mawasiliano ya laini hiyo moja yafuatiliwe kwa muda uliotajwa.

Elieth alimkuta Methusela amevaa koti la suti, jasho linamtoka, ameshika flashi mkononi kama mtu aliyeshika yai.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Afadhali umefika. Nimeshaandaa kila kitu, waje wachukue."

"Kila kitu kipi?"

"Kila kitu. Wateja wote, tangu nilipofungua. Wasije wakasema nimeficha."

Elieth alivuta kiti akakaa. Aliwahi kuwaona wengi wa namna hii. Hofu ya serikali ilikuwa imemfanya mzee wa watu atake kutoa hata asichoombwa.

"Mwalimu, amri inamtaja nani?"

Methusela akavaa miwani, akasoma tena. "Nyumba ya wageni."

"Na humo kwenye flashi kuna nani?"

"Wote. Shule. Zahanati." Akasita. "Mchungaji. Na mimi mwenyewe na mke wangu."

"Mchungaji ana kosa gani?"

Mzee alimwangalia, kisha akacheka kicheko cha aibu, akaketi na yeye. "Hana kosa. Nilidhani ukiwapa vingi ndiyo unakuwa raia mwema."

"Ukiwapa pungufu umevunja amri. Ukiwapa zaidi umewavunjia wateja wako haki yao, na wanaweza kukushtaki. Amri imechora duara. Kazi yetu leo ni kukaa ndani ya hilo duara, basi."

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya ofisi, kidogo, kina baridi ya kiyoyozi. Kanuni ya kwanza ambayo Elieth huifundisha kila mahali ni kwamba ndani ya chumba hicho haiingii simu ya mtu yeyote, asije mtu akapiga picha ya kilichomo au jina la anayefuatiliwa. Yeye hutangulia kuifuata ili wengine waione. Akaiweka simu yake kwenye droo ya meza ya nje, Methusela akaweka yake juu yake, wakafunga na kuingia.

Walikaa humo mchana wote. Haikuwa kazi rahisi, kwa sababu mtambo wa Methusela ulikuwa wa zamani na ulichanganya wageni wote wa ile nyumba na maduka mawili ya jirani. Ilibidi kwanza kuyatenga maduka, kuyapa njia yao, ili anayefuatiliwa abaki peke yake. Elieth alifanya, akafuta, akafanya tena. Hakuna sauti ya mtu yeyote iliyosikika mle ndani. Kulikuwa na mvumo wa feni na taa ndogo za kijani zinazopepesa.

Saa hizo hizo, huko Hombolo, mama yake alikuwa amelala chini katikati ya mizabibu.

Evelina alikuwa akifunga matawi kwenye waya. Aliporudi nyuma bila kuangalia, mguu ulitumbukia kwenye mfereji mkavu wa maji, mwili ukaenda upande mwingine. Alisikia kitu kikialika kwenye kifundo cha mguu. Alijaribu kuinuka, akaona giza machoni, akalala tena. Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni. Akavunja mwiko wake, akampigia Elieth. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Hapo angeweza kumpigia Mwantum, aliyekuwa nyumbani kwake, mwendo mfupi tu kutoka pale. Hakumpigia. Kwa nini amsumbue mtu, na mwanawe anasikia? Akaileta simu mdomoni bila kupiga namba yoyote, akasema taratibu, ili maneno yafike yote: "Eli, nimeanguka. Niko kwenye zabibu, upande wa mfereji. Mguu umevunjika. Njoo, au mtume mtu." Kisha akaiweka simu kifuani, akavuta kitambaa kujikinga jua, akasubiri.

Alisubiri kwa utulivu kabisa. Baadaye alisema kwamba hakuogopa hata kidogo mwanzoni. Kila baada ya muda alirudia maneno yale yale, kwamba kiu imemshika, kwamba waje na maji. Jua lilikuwa kichwani, likahamia usoni, likaanza kushuka. Simu ikazimika kwa kuishiwa chaji. Ndipo alipoanza kulia.

Elieth alitoka chumbani kazi ikiwa imekamilika. Methusela alikuwa amevua koti, anachekacheka kwa nafuu. Alipofungua droo Elieth aliona kwamba mama yake amempigia mara mbili. Alisimama pale pale. Mama hakuwa mtu wa kupiga. Akapiga, simu haipatikani. Akapiga tena. Kisha akampigia Mwantum.

"Dada, leo umemwona mama?"

"Sijamwona tangu asubuhi. Nilidhani kaenda kanisani."

"Naomba unikimbilie pale nyumbani. Sasa hivi. Usikate simu."

Mwantum aliondoka na kanga moja, simu mkononi. Elieth alisikia pumzi zake, mlango ukigongwa, jina la mama yake likiitwa uani, kisha jina hilo hilo likiitwa shambani. Halafu akasikia Mwantum akipiga ukelele, na kwa mbali sauti nyembamba, kavu, ikisema, "Eli ndiye kakutuma? Nilijua amesikia."

Kifundo kilikuwa kimevunjika, na jua lilikuwa limemkausha vibaya. Waliomba pikapu ya muuza zabibu wakampeleka hospitali mjini. Elieth aliwakuta huko akitokea moja kwa moja Kongwa, vumbi hadi kwenye nyusi. Evelina alikuwa kitandani, ametundikiwa dripu, mguu umefungwa plasta ngumu hadi chini ya goti, midomo imepasuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda. Hakuwa na hasira; alionekana kama mtu anayeuliza kitu asichokielewa. "Mwanangu, nilikuambia jua likiwa kichwani. Mbona umemtuma Mwantum jua limeshashuka?"

Elieth alimshika mkono usio na dripu.

"Walikukatalia kutoka?" Evelina akaendelea, akishusha sauti manesi wasisikie. "Kama walikukatalia, basi. Siwezi kukulaumu. Ni kazi ya serikali."

Mwantum, aliyekuwa amekaa mwisho wa kitanda, aliinuka akatoka nje ya wodi. Elieth alimfuata, akamkuta ameegemea ukuta, analia ndani ya kanga.

"Mimi ndiye nimemuua yule bibi," Mwantum alisema. "Mimi na meseji zangu. Angenipigia ningefika kabla hata chai haijapoa."

"Hajafa, dada."

"Angekufa. Angekufa akikusubiri wewe."

"Ni sisi wawili," Elieth akasema. "Mimi nilimwacha aamini kwa sababu ilikuwa rahisi."

Wakakubaliana kwamba maneno hayatatosha. Maneno yalikuwa yameshatumika sana kwa Evelina, naye alikuwa na jibu lake la siku zote.

Mama alipotoka hospitali alihamia kwa Elieth mjini hadi mguu uunge. Jumatatu moja Elieth alikwenda kwa mkuu wake, Gaudence, mwanaume mkimya aliyewahi kuwa mwanasheria na ndiye mwenye ile ofisi yao. Akamweleza yote, akamwomba jambo moja: mama yake aingie kwenye chumba cha mafunzo. Chumba hicho kina mtambo kama ule wa kampuni, lakini haujaunganishwa na mtu yeyote. Ni wa kufundishia.

Gaudence alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Hakuna siri mle," alisema. "Siri zetu ziko kwenye kesi za watu, na kesi mle hakuna. Mlete. Lakini simu yake aiache nje. Kanuni ni kanuni."

Evelina akaja amevaa gauni lake la kanisani na kilemba, akitembelea magongo. Mlangoni alisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa heshima, kana kwamba ndani kuna watu wengi. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kabati la chuma, nyaya, na taa za kijani. Elieth alimpa kiti. Mwantum naye alikuwepo, ameomba kuja.

Evelina alitega sikio. Akatega la pili.

"Sauti ziko wapi?"

"Hazipo, mama."

"Wamezima kwa sababu nimekuja?"

"Hapana. Hata kule makampuni kwenyewe ni hivi hivi. Mimi naweka mlango na kufuli. Mahakama ikisema mlango wa fulani ufunguliwe, mwenye kampuni anaufungua huo mmoja. Kinachopita kinakwenda kwa wale waliotajwa kwenye amri. Mimi wakati huo niko barabarani narudi nyumbani. Siku ile ulipoanguka nilikuwa chumba kama hiki, na simu yangu ilikuwa kwenye droo. Sikusikia chochote. Ningesikia ningekuja kwa miguu."

Evelina aliyageuza macho kwa Mwantum. Mwantum akapiga magoti pale pale sakafuni.

"Mama, ile dawa ya goti nilimwandikia mimi. Na miwani. Na ile mbolea. Yote mimi. Naomba unisamehe."

Mikono ya bibi ilikuwa inafungua na kufunga ncha ya kilemba. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo usiku, nikishamaliza kusali, nikiishika simu na kukuambia mambo ya marehemu baba yako... yale hujayasikia?"

Elieth hakujua habari hizo. Mwantum pia hakuzijua, maana hakuna aliyepigiwa.

"Sijayasikia, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Machozi yakamtoka Evelina, machache, akayafuta haraka. "Basi una mengi ya kusikiliza," akasema.

Aliyasema yote, kidogo kidogo, katika wiki alizokaa mjini. Alisimulia jinsi baba yao alivyomposa kwa ng'ombe mmoja mgonjwa, jinsi walivyozika mtoto wa kwanza ambaye Elieth hakuwahi kuambiwa kwamba aliishi, na jinsi alivyoogopa nyumba tupu tangu wote walipoondoka. Elieth alikaa naye barazani akichambua mchele, na mara nyingine mchele ulilala bila kuchambuliwa. Baadaye, alipokuwa Manyoni au Singida, alipiga yeye mwenyewe kila jioni kabla ya kula. Mwantum alipewa namba ya Gaudence ya mezani, ili Elieth akiwa chumbani Gaudence aipigie ofisi aliko, apatikane mtu wa kumgongea mlango.

Mguu ulipounga, Elieth alimrudisha Hombolo. Jumapili hiyo, baada ya ibada, Evelina alisimama nje ya kanisa akiegemea gongo moja lililobaki, akawatangazia watu kwamba mwanawe hasikii simu ya mtu, kwamba yeye mwenyewe ameingia kwenye chumba chenyewe, na kwamba mle ndani ni baridi tupu na feni. Wengine walifurahi. Wengine walinong'ona kwamba bibi amefundishwa cha kusema. Lakini jioni hiyo mwalimu wa kwaya alimwingiza Elieth kwenye lile kundi jipya la WhatsApp, bila maelezo.

Pale pale nje ya kanisa, mzee Ebenezer alikuwa bado hajaridhika. Alisogea karibu, kofia mkononi.

"Mwanangu, kama si wewe unayesikiliza, basi ni nani?"

Elieth aliona kwamba anaulizwa kwa dhati, akajibu kwa dhati. "Kwa mtu ambaye mahakama haijamtaja, hapaswi kuwepo yeyote, mzee. Kwa aliyetajwa, ni wapelelezi walioruhusiwa. Mimi nawafundisha wenye kampuni wasipitilize hapo."

"Hao wapelelezi, unawafahamu?"

"Siwafahamu."

Ebenezer aliizungusha kofia yake mkononi, akifikiri. "Afadhali ingekuwa wewe," akasema. "Wewe tunakujua. Tumekubeba mgongoni."

Akaaga, akaenda zake. Evelina alimshika Elieth mkono, nao wakaanza kutembea taratibu kwenda nyumbani.

"Ebenezer hana adabu," Evelina alisema walipofika kwenye kivuli cha nyumba ya mchungaji. "Lakini leo hajakosea sana."

"Hajakosea," Elieth akakubali. "Ndiyo maana kesho narudi tena Kongwa. Mwalimu Methusela anaajiri vijana wawili, na anataka niwafundishe wasiogope."

"Wasiogope nini?"

"Kusoma karatasi mpaka mwisho kabla ya kufungua mlango."

Evelina alisimama kupumzisha mguu. Kisha akasema anataka kuanza kukata matawi ya zabibu kabla mwezi haujaisha, na kwamba safari hii hatakata peke yake. Na kama Elieth hana nafasi, aseme mapema, amwombe Mwantum. Elieth alisema nafasi ipo. Wakabishana njia nzima kuhusu tawi likatwe wapi.